Keki ya harusi ngazi tatu, na batakrimu inageuka uji kwa joto la Kigoma. Naombeni ushauri

MtumbwiMmoja
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Katubuka hapa Kigoma. Nauza keki nyumbani, huu ni mwaka wa pili. Nilianza na keki za vikombe, nikaja kwenye bethdei za kilo moja na kilo mbili, Komunyo na Idd. Sina oveni. Naoka kwa sufuria kubwa lenye mchanga, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko, na sijawahi kurudishiwa keki hata moja.

Sasa nimepata oda ya keki ya harusi, ngazi tatu, nyeupe yenye maua ya dhahabu. Ni Jumamosi ijayo, ukumbi uko Ujiji. Shida yangu ni batakrimu. Nikiipiga alfajiri inasimama vizuri kabisa, ikifika saa nane mchana maua yamelala. Jana nilipamba keki ya mazoezi, waridi likateleza taratibu mpaka likakaa mezani kama konokono. Natumia siagi ya kupaka mkate na sukari ya unga. Friji ni la jirani, na umeme mnaujua.

Nihamie wipi krimu au nibaki hapahapa? Natanguliza shukrani, silali.

Siti ya Dirishani
Weka mawese dada. Keki itakuwa nyekundu lakini haitakuangusha, sisi tumekulia hayo.

SukariGuru
Dada, usiende kwenye wipi krimu. Hiyo ndiyo inataka baridi kuliko zote, kwa joto letu itakulalia kabla bibi harusi hajashuka kwenye gari. Siagi ya kupaka mkate ina maji ndani yake, imetengenezwa ilainike, ndiyo maana waridi linatembea. Punguza hiyo siagi nusu, nusu nyingine weka mafuta ya mgando meupe ya kupikia. Ladha inapungua kidogo, ongeza vanila na chumvi kiasi cha kucha. Sukari ya unga chekecha mara mbili. Maziwa usitie hata tone. Ukihitaji kulainisha, piga zaidi, usiongeze kimiminika.

Ila batakrimu ni shida ndogo hapo. Ngazi tatu unazibebaje mpaka Ujiji? Vijiti vya kushikilia unavyo? Weka picha ya ngazi ulizowahi kupandisha tuone unavyofanya.

Hesabu Kali
Swali la msingi hamuulizi. Umemtoza shilingi ngapi? Akina mama wengi wanauza keki wanadhani wanapata faida, kumbe wanachoma hela kwenye mkaa. Piga hesabu: unga, sukari, trei ya mayai, siagi, mkaa, boksi, ubao, bodaboda, na mikono yako. Mikono yako ina bei! Shemeji yangu Kasulu alioka mwaka mzima, kufunga daftari akakuta aliyepata faida ni muuza mayai.

MwalimuMstaafu
Kabla ya yote, je, biashara hiyo imesajiliwa? Tangu 2019 usajili wa majengo ya chakula na bidhaa za chakula uko TBS, shirika la viwango. Nenda pia SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakufundishe, na kapime afya kama mtu yeyote anayeshika chakula cha watu. Nimekula keki ya jirani mwaka juzi nikalala na ndoo. Watanzania tunapenda njia za mkato.

MtumbwiMmoja
Asante sana SukariGuru, kesho najaribu hayo mafuta ya mgando. Mwalimu, shikamoo, nimesikia. Hesabu Kali, nimetoza 350,000 na nimeshapokea kianzio cha 200,000. Kwenye kubeba nitachukua bajaji. Picha nitaweka, simu inasumbua.

BahariaWaKalya
Bajaji ni starehe hiyo. Enzi meli ya Liemba inatembea nilibeba keki ya harusi ya mdogo wangu kutoka Kigoma kwenda Kalya. Huko kusini vituo vingi havina gati, meli inasimama ziwani usiku, mitumbwi inakuja ubavuni, watu wanapiga kelele, mbuzi wanashushwa, wewe na mzigo wako mnashushwa vilevile. Keki ilikuwa ndani ya boksi la sabuni, nimeikumbatia kama mtoto. Abiria mmoja akaniambia, "Usiogope, meli hii ilizamishwa 1916 wakaja kuiibua 1924 na bado inatembea, keki yako ndiyo itashindwa?" Keki ilifika. Kufungua tukakuta sanamu ya bwana harusi imesimama peke yake, bibi harusi alitumbukia Tanganyika. Ukumbini shangazi akachomeka ua la karatasi pale, ndoa ikaendelea. Wana watoto sita sasa.

Siti ya Dirishani
Sita! Basi bibi harusi wa sanamu angekuwa amechoka.

SukariGuru
Baharia umenichekesha, lakini turudi kwenye mada. Dada, umewahi kupandisha hata ngazi mbili? Nakuuliza kwa nia njema. Kila ngazi inakaa juu ya ubao wake. Ngazi ya chini unachomeka vijiti vitano, vyote urefu mmoja, visawazike na uso wa keki. Uzito wa ngazi ya juu unabebwa na vijiti, keki haibebi kitu. Kama huna vijiti tumia mirija minene. Ukiweka keki juu ya keki hivihivi, ya juu inazama na ya chini inapasuka tumboni. Halafu usisafiri nazo zimepandana. Beba moja moja, pandishia ukumbini, tembea na krimu ya kuzibia. Nimekuomba picha.

MtumbwiMmoja
Picha hiyo hapo chini. Hii ndiyo mteja aliipenda.

[picha: keki nyeupe ya ngazi tatu, maua ya dhahabu, juu ya meza ya kioo]

Shangazi wa Ujiji
Masha'Allah, mikono hiyo! Sasa unaogopa nini mwanangu?

Tochi
Naomba mwenye simu nzuri akuze hiyo picha upande wa kulia, ukutani nyuma ya meza. Mnaona ile soketi? Ina matundu mawili ya duara. Mimi ni fundi umeme, nimefunga nyaya Mwanga, Gungu mpaka Bangwe. Soketi zetu ni za pini tatu bapa. Hiyo nyumba haiko Katubuka. Haiko hata Tanzania.

Siti ya Dirishani
Nimevuta kiti. Nani ana karanga?

SukariGuru
Dada, hiyo keki ni yako?

MtumbwiMmoja
Sawa. Siyo yangu. Niliitoa mtandaoni nikaiweka kwenye stetasi yangu, yule dada akaniuliza kama naweza, nikasema hiyo nimeifanya mimi. Ilinitoka tu. Sijawahi kupandisha hata ngazi mbili.

Lakini mafundi wangapi wanatumia picha za watu? Kila mmoja! Na nimeshapata njia. Ngazi ya chini na ya katikati nitaweka lile povu gumu jeupe, nimeshalikata kwa kisu na kulisugua kwa msasa, limekuwa duara safi. Napaka krimu juu, ya juu kabisa ndiyo keki ya kweli, wataikata hiyo. Wageni watakula keki za kawaida nitakazoleta zimekatwa tayari. Povu halinizamii, halipasuki. Sioni ubaya.

Siti ya Dirishani
Yaani povu kama la maboya ya nyavu? Wageni wa Ujiji wanakwenda kulishwa boya na wao wenyewe wageuke maboya!

SukariGuru
Povu lenyewe siyo kosa. Nimefanya harusi nyingi ngazi mbili ni za bandia, na mteja anajua, na bei inashuka. Tofauti ni hiyo tu: anajua. Wewe umechukua bei ya keki tatu za kweli. Siku hiyo MC akiwaambia wakate ngazi ya chini, kisu kikalia *kriii* kwenye maiki, utajificha wapi? Mpigie simu leo. Mwambie ngazi mbili za bandia, punguza bei au rudisha sehemu ya kianzio.

MtumbwiMmoja
Kianzio hakipo chote.

Hesabu Kali
Nilisema mimi!!

MwalimuMstaafu
Hakipo kimekwenda wapi?

MtumbwiMmoja
120,000 nimelipia mkopo. Ile mashine ya kupigia krimu nilinunua kwa kausha damu, marejesho kila Jumatatu. Wiki tatu sikuuza, wakaja mpaka mlangoni, wakasema watabeba tivii. Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Iliyobaki 80,000 nimenunua mayai na unga. Mteja siwezi kumpigia, ataghairi na kudai hela yake.

MwalimuMstaafu
Binti yangu, halmashauri zina asilimia kumi ya mapato ya kukopesha vikundi, nne ya wanawake, nne ya vijana, mbili ya watu wenye ulemavu, na haina riba. Mnaiacha mnakimbilia wanaokausha damu. Na kudanganya kwenye biashara ni dhuluma, iwe keki iwe kiwanja.

Shangazi wa Ujiji
Mwalimu, asilimia kumi haiji Jumatatu saa mbili asubuhi kubeba tivii. Mwacheni mtoto.

Tochi
Jamani. Kabla hamjachanga michango ya machozi, nimeingia kwenye nyuzi za zamani za akaunti hii. Mwaka jana: "Natafuta injini ya boti ya mtumba, iwe inawaka." Mwezi Machi: "Mke wangu anaficha simu kila Jumatatu, nifanyeje wanaume wenzangu?" Leo ni mama wa watoto wawili anayelia na waridi. Hii ni chai, hadithi ya kutunga.

Siti ya Dirishani
Chai kabisa, na keki yenyewe ni povu! Tumechovya nini muda wote huu?

Hesabu Kali
Nimepoteza bando langu. Moderata afunge uzi.

BahariaWaKalya
Mimi hadithi yangu ni ya kweli lakini.

SukariGuru
Chai au siyo chai, mtunga chai hajui kuwa siagi ya kupaka inateleza saa nane. Yule konokono amemwona kwa macho yake.

MtumbwiMmoja
Simu ni ya mume wangu. Ya kwangu kioo kimepasuka, nasubiri arudi kutoka Kibirizi, akilala ndiyo naandika. Ni mvuvi, ndiyo maana injini.

Huo uzi wa Machi ndiyo nausoma sasa hivi. Komenti 64. Kuna mtu kamshauri anifuatilie kwa bodaboda. Jumatatu ni marejesho! Nilikuwa naficha meseji za marejesho!

Shangazi wa Ujiji
Yaa Rabbi. Na yeye alijibu nini kwenye huo uzi?

Tochi
Aliandika "nitavumilia, anapika vizuri." Nafuta neno chai kwa muda.

Siti ya Dirishani
Kwa muda tu.

SukariGuru
Dada, nipo Mwanga, njia ya kushukia sokoni. Vijiti ninavyo, mbao ninazo, oveni ya gesi ninayo. Mpigie mteja kwanza, ndipo uje. Nikisikia hujampigia sifungui mlango. Ngazi mbili za chini tutaoka za kweli, keki nzito, siyo ya sponji. Ile ya juu ndogo ndiyo iwe ya povu kama atakubali, maana ya juu haibebi kitu.

MtumbwiMmoja
Nimempigia saa moja asubuhi. Kanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani salio limekata. Kisha kasema kamati imempunguzia bajeti na alikuwa anaona aibu kuniambia. Ngazi mbili, 230,000. Za kweli zote. Kwa hiyo nadai 30,000.

Tochi
Imeisha vizuri mno. Chai imerudi.

MtumbwiMmoja
Hapa ni mwenye akaunti. Nimeamka nakuta meseji za watu nisiowajua wananipa pole. Nimesoma kuanzia juu. La mkopo tutaongea nyumbani, siyo hapa. Ila wiki nzima nimewagombeza vijana wa Kibirizi kwamba wameniibia povu langu la maboya lililokuwa uani, mmoja nimemfukuza kazi. Kumbe limesuguliwa kwa msasa liko chini ya kitanda, duara safi.

SukariGuru
Shemeji, mrudishe kijana kazini. Na mwambie mama Alhamisi aje na mayai yake.

MtumbwiMmoja
Trei ngapi?

SukariGuru
Mbili. Abebe mwenyewe, asipande bodaboda.