Naomba ushauri: nampeleka mzee Ironbridge, chakula cha mchana pub itakuwaje?

Habari zenu wakuu, mzee wangu yuko huku Birmingham kwa wiki tatu, amefanya kazi karakana ya reli miaka mingi sana na Jumamosi nataka nimpeleke Ironbridge akaone lile daraja la chuma la mwaka 1779 juu ya mto Severn. Nilishapita pale mara moja nikasimama chini yake, vyuma vimechomekwa na kupigiwa kabari kama seremala anavyounga mbao, nikajua hii mzee lazima aione kwa macho yake.

Sasa shida ni msosi. Wenzangu wanasema ukienda kule lazima ule pub pale mtoni, lakini mzee ni swala tano, na samaki wa kule nasikia wengine wanachovya kwenye unga uliochanganywa na bia. Je, nikiomba samaki wa kuoka inatosha, au kumkalisha tu mle ndani ni kumkosea heshima? Au nibebe chapati na kuku kabisa tukae kwenye benchi?

Halafu magoti yanamsumbua na kule milima mitupu, aliyewahi kumpeleka mtu mzima aniambie bora nipaki wapi. Natanguliza shukrani.