Tupeane uzoefu: kuwapeleka wanafunzi kwa treni kutoka Mombasa hadi makumbusho ya Nairobi

Mwalimu wa Gredi ya Sita
Wanajukwaa, shuleni kwetu tunajiandaa kuwapeleka wanafunzi Nairobi kwa reli ya kisasa, wakaone Makumbusho ya Taifa na Makumbusho ya Reli. Kikao cha walimu kimegawanyika. Baadhi wanaona ni matembezi tu, nami nashikilia kwamba hisabati, sayansi, jiografia na historia hukutana njiani kwa namna zisivyokutana darasani, ambako kila somo lina kengele yake. Mliowahi kusafiri hivyo, naomba mtueleze mliyoyaona.

Bi Sayansi
Umenikumbusha pakiti za bisi. Tulipanda Miritini, kituo cha Mombasa, asubuhi, watoto wakaziweka mezani zikiwa zimefungwa, na tulipokaribia Emali zilikuwa zimevimba na kukaza kama ngoma. Treni huanza karibu na usawa wa bahari na kumaliza kwenye mwinuko wa karibu mita 1,600, hivyo shinikizo la hewa ya nje hupungua na hewa iliyofungiwa ndani ya pakiti hutanuka. Wakati wa kurudi tulizifunga chupa tupu za maji tukiwa Nairobi, na kufikia Mombasa zilikuwa zimebonyea zenyewe. Mtoto aliyekuwa akilalamika kwamba masikio yanamziba alikuwa na jibu lake mkononi.

Mpenda Hesabu
Naunga mkono. Saa ya mkononi na vibao vya kilomita kando ya reli vinatosha: ukitumia sekunde 30 kutoka kibao hadi kibao, treni inakwenda kilomita 120 kwa saa.

Jirani wa Dirishani
Mimi nilikuwa mwanafunzi wakati huo, na hadi leo nikilisikia jina la Voi moyo hunidunda. Tulikuwa katika treni inayosimama kwenye vituo vya kati, na mwalimu wa jiografia alikuwa ametuagiza tuchore umbo la Milima ya Taita mara itakapoonekana. Tulipofika Voi, mwenzangu tuliyeketi naye alishuka na daftari lake ili aitazame milima bila kuzuiwa na kioo. Milango ikafungwa, nikamwona amesimama pale pale, penseli mkononi, mabehewa yakianza kusogea mbele yake. Nilipiga yowe hadi abiria wote wakasimama.

Mwalimu hakumkemea mtu. Alimwomba mhudumu wa behewa apige simu kituoni ili mtoto akalishwe ofisini, kisha yeye mwenyewe akashuka Mtito Andei, karibu kilomita 100 mbele, apande matatu kumrudia. Tulibaki na mwalimu wa hisabati, ambaye aliona jinsi tulivyonyamaza kwa hofu, akatuuliza: ikiwa matatu itakwenda kilomita 70 kwa saa, na Voi wakapata basi la Nairobi bila kungoja, watatufikia saa ngapi? Tukabishana kuhusu vituo vya kushusha abiria na malori yanayopanda mlima, na kila hoja ikawa tarakimu. Walifika usiku, saa nyingi baada ya jibu letu, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameuhesabu msongamano wa Mlolongo. Mchoro wake wa Milima ya Taita ndio uliobandikwa ukutani tuliporudi shuleni.

Mama Likoni
Mwanangu, huyo mtoto alikaa na nani saa zote hizo? Alikula?

Jirani wa Dirishani
Alikaa na wafanyakazi wa zamu, mama, na walimpa chai na mkate.

Mzazi Mwangalifu
Kisa hiki kinatosha kufunga mjadala. Mwalimu, pandeni treni ya moja kwa moja, na kila watoto kumi wawe na mtu mzima wao.

Mpenda Hesabu
Nakubali kuhusu watu wazima, lakini treni ya moja kwa moja itawanyima vituo vyenyewe, ambavyo ndivyo ramani.

Msafiri wa Zamani
Nairobi wapelekeni kwanza kwenye Makumbusho ya Reli, waone behewa ambamo simba wala watu wa Tsavo walimvuta afisa wa polisi kupitia dirishani. Hilo hawatalisahau.

Msomaji wa Historia
Ndugu yangu, tusiwachanganye watoto. Simba wa Tsavo waliwashambulia wajenzi wa daraja mwaka 1898, wakauawa na Patterson, mhandisi wa daraja hilo, mwishoni mwa mwaka huo huo, na tangu 1924 wamo katika Field Museum, Chicago. Afisa unayemsema, Charles Ryall, aliuawa Kima, mwaka 1900, na simba mwingine kabisa. Kinachoniuma zaidi ni kwamba reli ya zamani, iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi 1899, ilijengwa na vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India, ambao takriban 2,500 kati yao walifariki, na mara nyingi hadithi ya simba huwafunika wote.

Msafiri wa Zamani
Tarehe nimezipokea, lawama sizipokei. Mtoto huingia katika historia kwa mlango wa simba, na akishaingia ndipo umwonyeshe vibarua.

Bi Sayansi
Msiisahau futi kamba. Watoto wapime upana wa njia za reli zilizomo katika Makumbusho ya Reli, wapate mita 1, kisha waulinganishe na mita 1.435 za reli waliyokuja nayo. Halafu wasome majina ya injini kubwa za mvuke aina ya Garratt, zilizopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na waitafute Gelai katika ramani ya kaskazini mwa Tanzania.

Mama Likoni
Binti yangu alirudi kutoka Makumbusho ya Taifa akizungumzia Mvulana wa Turkana peke yake, yule binadamu wa kale ambaye mabaki yake yaligunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984. Alikufa angali mtoto, zaidi ya miaka milioni 1.5 iliyopita, na tayari alikuwa na kimo cha karibu sentimita 160. Binti yangu alijipima ukutani, akataka kujua ni kwa nini amezidiwa. Mwalimu wao aliwagawia karatasi ya maswali, nanyi fanyeni hivyo.

Msafiri wa Zamani
Karatasi ya maswali humfanya mtoto akimbilie maandishi ya kibandiko na kukipita kitu chenyewe. Mpeni daftari tupu.

Msomaji wa Historia
Daftari tupu litarudi tupu.

Mzazi Mwangalifu
Wapeni swali moja kabla ya kupanda. Njiani waangalie jinsi reli ilivyoinuliwa Tsavo ili ndovu wapite chini yake, na katika Makumbusho ya Taifa wasimame mbele ya sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyewekewa ulinzi kwa amri ya Rais Kenyatta mwaka 1970 na kufa 1974, wakadirie kama angepita.

Mwalimu wa Gredi ya Sita
Hilo la Ahmed nimelinakili kwa ajili ya kikao cha Jumatatu. Ninaomba pia kujua: kutoka kituo cha Syokimau, ambako treni huishia, mnawafikishaje watoto mjini?

Mpenda Hesabu
Kuna treni ya kuunganisha hadi kituo cha kati, na Makumbusho ya Reli yako karibu nacho. Wahesabuni wanaposhuka, kisha muwahesabu tena mkishatoka nje ya kituo.