Nimepewa usimamizi chumba cha kupanga madaraja ya korosho na sauti ya kukemea sina: nijifunze ukali au nitumie nilichonacho?

Dada wa Chuno (mleta mada)

Habari za jioni wakuu. Niko Mtwara mjini, kwenye kiwanda cha kubangua korosho ambacho sitakitaja. Nina miaka 6 pale, minne nikimenya ngozi ya ndani na miwili nikichambua madaraja. Mwezi wa 7 msimamizi wetu alihama, nikapewa nafasi yake. Nina wanawake 28, na kama 10 hivi ni rika la mama yangu mzazi.

Aliyenitangulia alikuwa na sauti. Akisimama mlangoni tu, chumba kizima kimya. Nikajua usimamizi ndiyo huo, nikaanza kumuiga. Wiki ya pili nikakuta kwenye trei ya mama mmoja W240 zimechanganyika na W320. Kwa msiojua kazi hii, namba ni idadi ya punje kwenye ratili moja. W240 ni punje 220 hadi 240, W320 ni 300 hadi 320, kwa hiyo namba ndogo ndiyo punje kubwa na ndiyo yenye bei. Nikaimwaga ile trei mezani mbele ya wenzake nikasema, "Rudia yote." Hakunijibu. Alivuta kigoda, akainama, akaanza kuokota punje mojamoja. Kesho yake asubuhi nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Ile marahaba bado iko masikioni mwangu.

Meneja ameniambia niko kwenye uangalizi wa miezi mitatu na kwamba sina sauti ya uongozi. Ninachokiweza nakijua: jicho. Punje ikipita mbele yangu nasema daraja lake kabla haijafika kwenye mizani. Na wageni wengi wa chumba kile nimewafundisha mimi, kwa kukaa nao ubavuni. Sasa nashindwa kujua kama hivyo vinatosha kuongoza watu 28. Nishaurini kama ndugu yenu.

Kusini Kwetu

Pole dada. Mimi naona ukaze. Watu wakishajua wewe mpole watakupanda kichwani. Kazi ni kazi, shikamoo ibaki getini.

Mstaafu Masasi

Mwanangu, nimeongoza shule miaka mingi, nina swali moja kwako. Kabla hujapewa cheo, wenzako walikuwa wanakufuata kwa jambo gani? Usijibu kwa kukisia. Chagua watu watano wanaokujua kazini, uwaulize ni lini walikuona unafanya kazi vizuri kabisa, kisha unyamaze uwasikilize. Utashangaa, maana kile tunachokifanya bila jasho huwa hatukioni kama ni nguvu. Mimi niliambiwa najua kusikiliza wazazi wenye hasira, na miaka yote hiyo nilidhani nguvu yangu ni ratiba.

Karani wa Ghala

Niko Lindi, nimesimamia ghala la korosho ghafi misimu kadhaa. Nakubaliana na Mstaafu ila naongeza tahadhari. Nguvu yangu mimi ni hesabu, kilo haipotei mkononi mwangu. Msimu wangu wa kwanza nikawa narudia kupima magunia ambayo karani wangu ameshayapima. Malori ya vyama vya msingi yakapanga foleni mpaka barabarani, na yule kijana akaniambia, "Bosi, kama huniamini nipe kazi ya kufagia." Nguvu ikizidi kipimo inageuka kasoro. Jicho lako nalo liangalie hivyohivyo, usije ukageuka mtu wa kukagua kila trei huku wenzako wamesimama wanakusubiri.

Njia iliyonisaidia ni ya Peter Drucker, yule mtaalamu wa menejimenti aliyefariki 2005. Alishauri kila unapofanya uamuzi mkubwa uandike unatarajia nini kitokee, halafu baada ya miezi 9 au 12 ulinganishe na kilichotokea. Mimi miezi 9 nisingeiweza, nikafanya kila mwisho wa mnada. Daftari la shilingi mia tano tu. Nikaona kwamba kila nilipomwachia mtu kipimo nikabaki na ukaguzi wa magunia machache, kazi iliisha mapema na hesabu zilikaa sawa.

Mama Mikindani

Binti yangu, hao kina mama wanalipwa kwa kilo. Ukimwaga trei umemwaga muda wake na mboga ya jioni, tena hadharani. Hapo ndipo palipomuuma. Kwa umri ule asingekataa kurudia kama ungemfuata kwenye kigoda chake.

Kusini Kwetu, sikubaliani na wewe. Shikamoo haimpunguzii msimamizi kitu. Anayeamkia kwa heshima saa moja anaweza kusema "mama, hizi hazijakaa sawa" saa tatu, na akasikilizwa.

Nenda kamwombe radhi, ukimkuta peke yake.

Kusini Kwetu

Sawa mama, kwenye kumwaga trei nimekuelewa. Lakini wachelewaji je? Hao jicho haliwatoshi.

Dada wa Chuno (mleta mada)

Wakuu, nimerudi na mrejesho, leo ni wiki ya tano.

Radhi nilimwomba bombani, wakati wa kunawa. Alisema, "Yameisha mwanangu," kisha akanionyesha macho yake: taa ya upande ule wa chumba ilikuwa inafifia na kwake W240 na W320 zote zilikuwa vivuli. Mimi na jicho langu hili nilikuwa sijaiona ile taa! Fundi ameibadilisha.

Niliuliza watu watano. Wanne, bila kuambizana, walisema walijifunza kazi kwa kuniangalia mikono. Kwa hiyo sasa kila saa tatu asubuhi nakaa kwenye kigoda cha mmoja wao, nachambua naye trei moja, tunaongea. Mtu mmoja kwa siku. Kazi zinazorudiwa zimepungua, naziandika kwenye daftari kama Karani alivyosema.

Wachelewaji bado, Kusini Kwetu ana haki hapo. Wako watatu, na kusema nao naogopa mpaka sasa. Kuna mama mmoja mle ndani ana sauti na kila mtu anamheshimu, nimempa kazi ya kuita majina saa moja kamili. Ila la kumwita mtu ofisini na kumwambia nakukata siku, hilo haliwezi kuwa lake, ni langu. Jumatatu namwita wa kwanza. Mama Mikindani, ungeanza na maneno gani?

Mama Mikindani

Anza kwa kumuuliza anatoka wapi na anapanda nini kuja kazini. Ukishasikia jibu, mtajie saa ya kuingia na siku utakayomkata, usizungushe. Mlango uufunge.