Maziwa yangu ya oti yamegeuka uji, mgahawa umenirudishia chupa zote. Msaada wakuu

MamaTabata
Wakuu, heshima zenu. Nisaidieni kabla sijauza blenda.

Mwanangu wa pili akinywa maziwa ya ng'ombe tumbo linamjaa gesi, kisha ni mbio za chooni. Ndiyo nikaanza kumtengenezea ya soya: naloweka usiku, asubuhi nasaga, nachuja kwa kitambaa cha marekani, nachemsha. Majirani wakaonja, sasa natoa chupa kumi hadi kumi na tano kwa siku, nusu lita 2,000.

Mwezi uliopita mgahawa mmoja wa Masaki wakaniambia wateja wao wa kahawa wanataka ya oti, na boksi la kutoka nje linawatoa jasho. Nikaona riziki hiyo. Nikaloweka oti, nikasaga, nikachuja, nikachemsha vizuri yasiharibike njiani. Wallahi nafika pale chupa zimeganda, ukizigeuza hakitoki kitu mpaka ugonge kitako kama chupa ya tomato. Zimerudi zote 12. Yule kijana wa kahawa kaniambia, "Mama, huu uji wa mgonjwa." Na soya yangu nayo eti inanuka maharage mabichi, na ikiingia kwenye kahawa inakatika.

Wenye maboksi wanafanyaje? Na hiyo harufu ya soya inatokaje? Mwanangu anakunywa, ila yeye hana hiari.

Mpemba_Mkavu
Pole bi mkubwa. Mie nacheka jina tu. Kwetu maziwa ni ya mnyama, kilichokamuliwa kwenye nazi ni tui, basi. Wazungu wamefikishana mpaka mahakamani: 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, kwenye kesi ya TofuTown ya Ujerumani, kwamba kinywaji cha soya kisiuzwe kwa jina la maziwa. Bibi zetu kesi hiyo walishaimaliza jikoni, kifumbu mkononi. Andika "Tui la Soya" ulale usingizi.

FundiMoro
Dada, kuchuja hukukosea, umekosea kuchemsha. Oti imejaa wanga, na wanga ukikutana na maji ya moto unavimba. Huo ni uji, kijana hakukutukana. Viwandani hutia kwanza kimeng'enya kinachokatakata wanga kuwa sukari, ndiyo maana ya boksi yana utamu hata pasipo sukari ya kuongeza. Njia hiyo ilitoka kwa Rickard Öste na wenzake, Chuo Kikuu cha Lund kule Sweden, miaka ya 1990, ikazaa Oatly, kampuni ya maziwa ya oti. Ukiacha kuchemsha hayagandi, lakini kwa joto la Dar hayafiki Masaki salama. Achana nayo.

Rudi kwenye soya. Harufu inazaliwa pale unaposaga: punje ikipasuka kwenye maji baridi, kimeng'enya chake kinashambulia mafuta yake yenyewe. Kwa hiyo ukishaloweka, toa maganda, tumbukiza punje kwenye maji yanayotokota dakika tano, kisha saga na maji ya moto hapohapo. Angalia jagi la plastiki, linapasuka. Ukishachuja chemsha tena dakika 20, na povu lisikudanganye: soya hupanda na kumwagika kabla haijachemka. Usikatishe, soya isiyoiva inazuia mwili kumeng'enya protini.

Kukatika ni uchachu wa kahawa. Mwambie apashe tui kwanza, halafu kahawa ndiyo imiminwe ndani yake, polepole.

Mmakonde_Masasi
Mnahangaika na oti za ughaibuni na korosho zipo! Nunua vipande, zile zilizovunjika, bei ni nafuu kuliko nzima. Haina harufu ya maharage. Ila nayo ukiipa moto inakuwa nzito, ongeza maji.

NesiMstaafu
Mtoto ana umri gani? Aliye chini ya mwaka asipewe hivi badala ya ziwa la mama. Kwa protini soya inakaribia ya ng'ombe, korosho na lozi ziko mbali. Kalsiamu ya soya ya nyumbani ni ndogo, ya maboksini wanaongeza wenyewe.

MamaTabata
Nesi, ana miaka sita na dagaa anakula kwa fujo, na vichwa vyake.

Fundi, nimejaribu jana. Jagi limepata ufa, ulinionya. Lakini harufu imepungua sana, mpaka mtoto kauliza, "Mama, leo umeweka nini?" Kilo moja imetoa lita sita na nusu. Machicha nimechanganya na viazi na pilipili, nikatengeneza kababu, zimeisha kabla ya tui. Masaki sijapeleka, nanunua kwanza jagi la chuma.

Mpemba, lebo nimeandika kama ulivyosema. Mteja wa kwanza kaisoma, kaniuliza hili tui linafaa kuungia samaki?