Tiketi ya ndege imeandikwa 149,000, kwenye kulipa inakuwa 261,000. Huu ni utapeli!

Wakuu, nina hasira na nitasema yote.

Nilikuwa namkatia mama tiketi ya Dar kwenda Mwanza, kwenda tu. Tovuti ya shirika imeandika kwa maandishi makubwa 149,000. Nikajaza majina, simu, kitambulisho, ukurasa juu ya ukurasa. Kufika kwenye kulipa, 261,000!

Nikarudi kukagua kimeongezeka nini. Kodi na tozo 45,000. Begi 40,000. Siti 12,000, na siti yenyewe sikuichagua, mfumo umeniwekea. Bima 9,000, nimekuta imeshawekwa tiki. Halafu 6,000 ya "huduma ya malipo". Yaani hata kulipa nako nalipia!

Msije mkaniambia kodi ni ya serikali. Najua. VAT ya kawaida ni asilimia 18, na ada ya huduma kwa abiria wa ndani ya nchi ni 10,000. Shirika linazijua kabla sijashika simu, sasa kwa nini zisijumlishwe kwenye bei ya kwanza? Hawataki. Wanataka ikuvute bei ndogo, uchoke kujaza fomu, ukifika mwisho ulipe tu kwa sababu safari ni kesho. Na anayeumia zaidi ni yule aliyechangiwa na ndugu kwa hesabu ya ile bei ya mwanzo. Anaanzaje kuwarudia?

Ulaya hili lilishafungwa na kanuni namba 1008 ya mwaka 2008: bei ya mwisho ionekane tangu mwanzo, na huduma za hiari abiria azichague mwenyewe, si kuwekewa tiki. Marekani nao tangu Januari 2012 tangazo la nauli lazima liwe na kodi zote ndani. Kwa hiyo mitambo inaweza, wasitudanganye.

Sisi tuna TCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga, tuna Tume ya Ushindani, tuna hadi baraza la watumiaji wa usafiri wa anga. Nimepiga picha kila ukurasa na nawapelekea malalamiko kwa maandishi wiki hii. Mwenye picha za bei iliyopanda njiani aziweke hapa, afute kwanza jina na namba yake. Na kama kuna aliyewahi kurudishiwa hela ya bima ambayo hakuiomba, atueleze alipitia wapi.