Maji ya Ruaha Mdogo wakati wa kiangazi: tupime nini, na saa ngapi?

Mwalimu, Iringa
Habari zenu, wapendwa. Ninafundisha sekondari iliyo karibu na Ruaha Mdogo. Tangu Agosti mto umepungua na kutulia hata mawe ya chini yanaonekana, na majirani wengi huyateka maji yake wakisema kwamba sasa ndiyo safi kuliko ya masika. Mimi nina wasiwasi, kwa sababu kandokando kuna vinyungu (bustani za bondeni) vya mboga vinavyowekewa mbolea na kupuliziwa dawa. Tuna kipimajoto na kipima oksijeni cha kuazima. Tuanzie wapi?

Fundi wa maabara ya maji, Mbeya
Mwalimu, wasiwasi wako una msingi. Tope hutuama, lakini mbolea iliyoyeyuka haituami, na bakteria wa kinyesi hawaonekani kwa macho. Mto ukipungua, maji ya kuuzimua uchafu nayo hupungua, hivyo majitaka ambayo mwezi Machi yangepotea bila dalili, mwezi Oktoba yanaweza kuharibu kidimbwi kizima. Kwa hiyo pimeni pia wingi wa maji: acheni chungwa lielee kwa mita 10 mkihesabu sekunde, zidisheni mwendo wake kwa upana na kina cha wastani, kisha kwa 0.85, maana maji ya juu hukimbia kuliko ya chini.

Oksijeni ipimeni alfajiri, kabla jua halijachomoza. Mwani huitoa mchana na kuitumia usiku, kwa hiyo kipimo cha saa saba mchana huuficha ugonjwa wa mto. Msisahau mwinuko: maji ya nyuzi 20 kwenye usawa wa bahari hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ilhali kwenye mita 1,600 hubeba kama 7.5 tu, na upungufu huo si uchafuzi.

Mkulima, Mufindi
Mwalimu, naomba tusihukumiwe sisi wenye vinyungu kabla hamjapima juu na chini ya vinyungu siku ileile. Mahali ng'ombe wanaponywea na mahali watu wanapofulia napo pana sehemu yake.

Mtafiti wa mito, Iringa
Naunga mkono, na nitaongeza jambo moja: geuzeni mawe. Vibuu wenye mikia mitatu myembamba wanaong'ang'ania mawe hupotea mapema maji yakichafuka, bali vibuu wekundu wanaofanana na minyoo hustahimili. Mfumo wa TARISS, uliotengenezwa kwa ajili ya mito ya Tanzania, huupa mto alama kwa wadudu wa namna hiyo.

Wadudu hao, hata hivyo, hawawezi kuwaambia kama maji yanafaa kunywewa. Kwa bakteria wa kinyesi, chukueni sampuli kwenye chupa iliyotakaswa, iwekeni kwenye barafu, ifike maabara ndani ya saa 24. Maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na bakteria hao hata mmoja katika mililita 100. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji ina ofisi hapo mjini, waulizeni. Majibu yakisubiriwa, majirani wachemshe.

Mwalimu, Iringa
Asanteni sana. Jumamosi alfajiri tutapima juu ya vinyungu, chini yake, na kwenye mnyweo wa ng'ombe. Habari ya kuchemsha nitaipeleka leo jioni.