Tupeane uzoefu: mliowahi kukwea majabali makavu, ilikuwaje?

Mvita_Asili
Leo kijana wangu kanionyesha picha za wenzake juu ya jabali la Ololokwe, kule Samburu. Wamekaa ukingoni, miguu yaning'inia, na tai wapita chini yao. Chini, si juu. Mimi niko Mwembe Tayari, hapa Mombasa, na magoti yamenilegea. Nikakumbuka Jabal Nur, Makka. Tulipanda baada ya Isha kukwepa jua, mama mmoja wa Kibokoni katangulia na buibui lake, sisi wanaume twahema nyuma. Kilele ni mita 642 tu kutoka usawa wa bahari, lakini jiwe lile hata usiku lingali latoa joto la mchana. Haya, wa Arabuni na wa kwetu, leteni habari. Hasa pale mlipojuta.

Bi_Shanga
Jabal Nur kuna ngazi, shekhe. Huko si kukwea.

Mvita_Asili
Bibi, wewe umefika au umeona kwa simu?

Bi_Shanga
Nimefika. Na viatu vya kisigino.

MtaitaDamu
Msiende mbali jamani, mlima Kasigau wa kwetu Taita uko hapo. Unashuka Maungu, unashika barabara ya Rukanga. Mita 1641. Chini ni nyika tupu, miiba na vumbi jekundu, ukifika juu unaingia msitu wa ukungu unaotoka huko kwenu baharini. Hapo ndipo watu huanguka. Umezoea mwamba mkavu unaoshika kiatu, ghafla mwamba una kuvu na umelowa. Chukueni mwelekezi wa kijijini.

Likoni_Flani
Mwelekezi wa nini? Mlima unauona kwa macho. Hizo ni pesa za bure tu mnataka.

MtaitaDamu
Ndovu nao utawaona kwa macho, tena karibu. Kaka, mababu zetu walihamishwa na Waingereza mwaka 1915 hadi Malindi, vita na Wajerumani vikipiganwa, na wengi hawakurudi. Mlima ule tunaujua jiwe kwa jiwe. Nenda peke yako, tutakuja kukutafuta. Bure.

Kombo_wa_Gari
Nimecheka hapo kwa "mlima unauona kwa macho", kwa sababu karibu nife na mtu wa aina hiyo.

Nilikuwa dereva Maskati. Ijumaa moja mwenzangu, mtu wa Kisauni, akasema twende Jabal Shams, mlima mrefu kuliko yote Oman, mita 3000 na ushei. Njia imetiwa alama juu ya mawe, mistari ya rangi ya manjano, nyeupe na nyekundu, ukiifuata hupotei. Mwenzangu akaona mbuzi wamekata upande wa pili. "Mbuzi ndio wenyeji," akasema. Tukaacha rangi.

Mwanzo pazuri. Kisha jiwe likawa kali, chokaa iliyoliwa na mvua, ukishika lakuchana kiganja. Kisha changarawe: watia mguu, na chini ya mguu kila kitu chaondoka nawe. Tukafika mahali pana upana wa msala wa kuswalia, kushoto ukuta, kulia korongo. Mwenzangu akakwama. Hakuumia, alikwama tu. Shavu kalibandika kwenye jiwe, mguu mmoja watetemeka hautaki kuacha. Namwambia njoo, kimya. Rudi, kimya. Akaanza kupiga shahada. Nikamwambia yakhe, iwache kwanza hiyo, wanitisha.

Mara mawe yakabiringika juu yetu. Mzee, kanzu kaifunga kiunoni, makubadhi miguuni, mbuzi nyuma yake. Katuangalia weee. Najikusanya nimuombe msaada kwa Kiarabu changu cha barabarani, yeye akatangulia, kwa Kiswahili: "Nyie mwataka kufa? Nani kakwambieni mpite huku?"

Akafungua kilemba, akamfunga mwenzangu kiunoni, upande wa pili akaushika yeye. Akawa anamkamata kifundo cha mguu na kuuweka: hapa, sasa hapa, usitazame chini mpumbavu wewe. Matusi njia nzima, Kiswahili safi cha Unguja, mpaka kwenye rangi.

Bi_Shanga
Subhanallah. Ni mtu wa wapi huyo mzee? Alizaliwa Unguja?

Mvita_Asili
Ukoo gani? Babangu ana jamaa zake Nizwa.

Kombo_wa_Gari
Hakusema. Alienda zake na mbuzi.

Bi_Shanga
Na wewe hukuuliza?!

Kombo_wa_Gari
Dada, ulimi wenyewe ulikuwa umekauka.

Fundi_Changamwe
Kushuka ndiko kunakoua. Kupanda waona unaposhika, kushuka wapapasa kwa mguu. Geuza uso ukutani.

Nyanya_Bado
Mimi nashuka kwa makalio. Suruali itanunuliwa nyingine.

Fundi_Changamwe
Na maji: lita 3 kila mtu, yakifika nusu mnageuka, hata kama kilele mwakiona.

Likoni_Flani
Lita 3 ni mzigo. Ndimu na tende zatosha.

Fundi_Changamwe
Mbuzi ndio wenyeji, eh?

MtaitaDamu
Hahaha. Na msitie mkono kwenye ufa msiouona ndani. Gonga na fimbo kwanza, nge na nyoka hukaa humo mchana.

Likoni_Flani
Sawa sawa. Sasa huyo mwelekezi wa Kasigau ni pesa ngapi?

MtaitaDamu
Kwako wewe imepanda.